Mlango Uliotazama Ziwa

Ufunguo wa chumba cha wageni ufungieni kwenye kipande cha mti kinachojaza kiganja. Mgeni akiweza kuutia mfukoni ataondoka nao, na basi la Songea halisimami kwa sababu ya ufunguo. Nilipoteza saba kabla sijaelewa hivyo. Wa nane niliufungia kwenye kipande cha mkaratusi kizito, hata mwalimu mmoja aliyelala kwangu akaniuliza kama ni wa kufungulia mlango au wa kufukuzia mbwa.

"Vyote viwili, mwalimu," nikamwambia. Ufunguo ule ninao hadi leo.

Naanza na ufunguo kwa sababu ninyi vijana wa kigango mlipokuja kuniuliza juu ya kazi hii mlianza na mambo makubwa: kiwanja, mkopo, nyumba ngapi. Mnataka kununua nyumba, mtie vitanda, mlaze wageni kwa siku. Ni kazi nzuri. Imenilisha na imenisomeshea watoto. Lakini mimi niliishia darasa la nne, na nilichonacho ni makosa niliyoyafanya kwa mikono yangu. Hayo nitawapa, na moja nitalieleza kwa urefu, kwa maana nusura linipokonye kitu ambacho nisingeweza kukinunua tena.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mjini Mbinga. Tuliinunua mimi na mke wangu Hildegarda, siku zile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuruhusiwa. Kabla ya hapo kahawa yote ilikwenda ushirika, na mgeni mjini alikuwa padre au mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu akiwa amenuna. Mara, msimu ukifika, mji ukajaa watu wenye mizani na magari, na usiku walilala humo humo ndani ya magari. Mimi niliwaona wanunuzi. Hildegarda aliona watu wasio na pa kuoga.

"Hawa wana haraka na wana miguu michafu," aliniambia. "Wape maji ya moto na kitanda, watakuja mwaka kesho bila kuitwa."

Vyumba vilikuwa vinne. Nilitaka kununua mashuka ya rangi ya udongo, yafiche uchafu. Akakataa. "Kitakachofichwa na shuka, mgeni atakikuta kwa ngozi yake. Nunua meupe, tuuone sisi kwanza." Mpaka leo nikiingia gesti ya mtu nikakuta shuka la rangi ya kahawia, nalala na koti.

Kosa la mwaka ule lilikuwa magunia. Mnunuzi mmoja aliniomba aweke magunia yake chumbani siku moja tu, gari lake limeharibika. Yalikaa mpaka kahawa ya mwisho ilipochumwa. Chumba kikanuka, panya wakahamia, na godoro tulilianika juani wiki nzima bila faida. Hildegarda hakunigombeza. Alisema tu, "Chumba ni cha mtu. Gunia lina ghala lake." Liandikeni hilo mahali.

Alifariki msimu mmoja wa kuchuma, kwa homa ya siku nne. Tukamzika kwetu Kitura. Juu ya hilo sina mengi ya kuandika.

Yeye alikuwa Mnyasa, mtu wa Kihagara, kule chini ziwani. Alikuwa akisema mara nyingi kwamba watumishi wanaotumwa kule wanalala shuleni juu ya madawati, na wanaosubiri meli wanalala mchangani, na kwamba siku moja tungejenga vyumba kwao. Mwaka ulipopita tangu azikwe, nikamwachia binti yetu mkubwa nyumba ya Mbinga, nikateremka.

Kwao kulikuwa na nyumba ya marehemu mjomba wake, kuta za matofali ya kuchoma, haijaezekwa, haina milango. Ilikuwa mahali ambapo ufuo umejikunja, kwa hiyo ukisimama kiwanjani unalitazama ziwa upande wa kusini. Nyuma yake, hatua chache, kilima kinaanza kupanda. Nikasema hii ndiyo. Msemaji wa ukoo alikuwa Danieli, kaka yake Hildegarda, mtu mrefu mwenye maneno ya kuchoma ambaye hakuwahi kunipenda sana, naye hakunificha.

"Shemeji, kuta tutakuuzia," alisema mbele ya wazee wao. "Ardhi ni ya ukoo. Kuta zikisimama, kaa. Zikianguka, tutakushukuru, urudi kwenye milima yako."

Nikakubali. Hapo angalieni: nilinunua kuta, sikununua mahali. Mtu mwenye akili angekataa. Lakini sikuwa natafuta mahali pa kuweka mtaji tu. Watoto wetu walikuwa wakubwa, Hildegarda yuko Kitura chini ya udongo, na kama ningetoka pale Kihagara nisingekuwa na sababu ya kurudi tena kwa watu wake. Niliweka pale akiba yangu yote, na hiyo haikuwa hofu yangu kubwa.

Sasa kosa. Sisi Wamatengo tunajenga nyumba ikiegemea mlima, na mlango unatazama bondeni. Maji yanateremka mbele yako, na unamwona anayepanda kabla hajakuona. Baba yangu alijenga hivyo, na baba yake. Nikafanya hivyo hivyo: mlango mpana wa mbele ukitazama ziwa, madirisha mawili makubwa pembeni yake, na upande wa kilima ukuta mtupu. Nilifikiri pia juu ya mgeni, aamke aone maji. Watu wa pale walipita, wakatazama, wakanisalimia, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyesema neno.

Mama mkwe wangu aliishi hatua kama mia mbili kutoka hapo. Mnajua desturi: mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kwetu iko hivyo, kwao zaidi. Kwa hiyo siku moja Danieli alikuja amebeba jamvi la matete, gumu, refu kuliko kitanda.

"Mama amekuletea."

"La nini?"

"Hakusema. Alisema utajua mwenyewe."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lilikuwa jambo la kwanza kutoka kwake tangu msiba. Nikalitandaza sebuleni, katikati, nikaweka meza juu yake. Kila mgeni aliyeingia alilisifu. Mama mkwe naye siku moja alipita njia ya chini, mlango uko wazi, akaliona lilipo. Alisimama kidogo, akaenda zake.

Miezi ya kwanza wageni walikuja: bwana shamba, mkunga aliyehamishiwa zahanati, wanunuzi wa usipa, dagaa wa ziwa lile. Niliweka vyumba vitano. Vinne nililaza watu. Cha tano nilikifunga kwa kufuli kubwa nililotoka nalo Mbinga, lenye ule ufunguo wa mkaratusi, nikaweka ndani sanduku la Hildegarda na vitenge vyake. Mgeni akiuliza nilimwambia kweli, kwamba hakipangishwi.

Halafu ukaja mwera.

Mwera ni upepo wa kusini. Watu wa ziwa wanaujua kama sisi tunavyoujua ukungu. Mimi nilikuwa nimenunua nyumba wakati wa utulivu, nikajenga wakati wa utulivu. Ulianza asubuhi kwa kuyachafua maji, na mchana wageni wawili wakiwa mezani, mmoja ni mkaguzi mtu wa Tanga, ukaingia kwa ule mlango wangu mpana. Uliingia na haukuwa na pa kutokea, maana ukuta wa nyuma ulikuwa mtupu. Kwa hiyo ulitokea juu. Nilisikia misumari ikilia, mmoja baada ya mwingine, kisha mabati sita yakaondoka pamoja.

Mtu wa Tanga alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili. Alitazama juu, akatazama sahani.

"Mzee," alisema taratibu, "samaki wako huyu mbasa mtamu, lakini naona sasa mchanga umekuwa mwingi kuliko ugali."

Sikumtoza kitu. Nikampeleka na mwenzake kulala kwa mwalimu mkuu, nikarudi kukusanya mabati. Danieli alikuwa ameshika moja, amelitoa kwenye muhogo wake.

"Shemeji, bati lako ni zuri. Limekuja kunisalimia kabla yako."

"Danieli, uliona ninavyojenga. Kwa nini hukuniambia?"

Akaliegemeza bati ukutani kwangu. "Ulikuwa na msiba," alisema. "Mtu mwenye msiba hakosolewi. Na wewe hukuuliza. Watu wa milimani huwa hamuulizi." Kisha akaugonga ukuta wangu kwa kiganja, pale ufa ulipoanza. "Kuta bado zimesimama. Mvua ikizikuta ziko wazi hivi, hazitasimama."

Siku ya pili nikachukua kitenge na jogoo, nikaenda kwa mama mkwe. Nilikaa chini nje ya ua, nikiwa nimeupa ua mgongo, kama inavyotakiwa. Yeye alikuwa jikoni. Nikasema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba nyumba imeharibika na sijui nilipokosea. Kisha nikamsikia anasema na kuku wake.

"Wewe kuku. Umeletewa jamvi la matete ukalitia chini ya meza. Matete yanalaliwa? Matete yanasimama. Yanasimama upande wa mwera, nje, hatua tatu kutoka ukutani, upepo uchoke hapo kabla ya kuingia kwako."

Nikachora ukuta na hatua tatu mchangani kwa kidole.

"Na wewe kuku, nani alikufundisha kuufungulia mwera mlango? Mwera ni mgeni wako? Mlango wa watu wa hapa unatazama kilima. Ziwa linatazamwa na kidirisha. Marehemu angekuwepo angekwambia. Lakini marehemu hayupo, na wewe kuku hujui kuuliza."

Nilipiga magoti nikashukuru kuelekea njiani. Jogoo nilimwacha mlangoni pa ua. Baadaye niliambiwa hakumchinja. Alimfuga, na alipomkasirikia alimwita mtu wa milimani.

Nilirudi nikaziba mlango wangu mpana kwa matofali, nikabakiza kidirisha cha kiasi cha uso wa mtu. Mlango nikaufungua upande wa kilima. Mabati nikayafunga kwa waya mpaka kwenye ukuta. Jamvi nikalitoa chini ya meza, nikalisimamisha kwenye nguzo upande wa kusini, na mengine matatu nikayanunua kwa wafumaji nikayapanga ubavuni mwake. Mwera uliporudi wiki niliyomaliza uliyapiga usiku kucha na mchana kutwa, na ndani taa ya mafuta haikuyumba.

Vijana, kabla ya kununua nyumba, lala ndani yake. Lala kiangazi, lala masika, lala siku ya upepo. Ukikosa nafasi ya kulala, kaa na mama mzee wa jirani, umuulize nyumba ile inaumwa nini. Nyumba zote zinaumwa kitu.

Ile yangu ilikuwa na ugonjwa wa pili, na huu niliuona mwenyewe. Mlango sasa ulitazama kilima, kwa hiyo kila asubuhi nilikitazama na mimi. Kilikuwa kimelimwa muhogo kwa matuta yanayoteremka, udongo mtupu. Mvua ikija, yale maji yote yangeingia kwangu kwa mlango ambao nimetoka kuufungua. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu. Hilo nalijua tangu tumboni.

Nikachimba ngolo. Ninyi mnazijua, lakini kwa watakaosoma wakiwa mbali: unafyeka majani, unayalaza yakivukana kama nyuzi za wavu, unayafukia kwa udongo unaoutoa katikati. Unabaki na mashimo, kila moja na kingo zake nne, mlima mzima kama sega la nyuki. Maji yakishuka yanaingia shimoni, yanatulia, yananyweka. Ndivyo babu zetu walivyoweza kulima mahali ambapo mbuzi anateleza. Nilichimba juu ya nyumba yangu, safu kwa safu, mwezi na nusu, peke yangu.

Kihagara nzima ilikuja kutazama. Danieli alileta kigoda akakaa.

"Shemeji, gesti imekushinda sasa unalima?"

"Nazuia maji."

"Maji yanazuiwa na mashimo? Kwetu mashimo tunazikia."

"Niruhusu nichimbe na juu ya nyumba ya Mama," nilimwambia. "Pale kwake pamekaa vibaya kuliko kwangu."

Akaacha kucheka. "Juu ya nyumba ya mama yangu hutachimba makaburi."

Sikubishana. Ni mwana, mimi ni mkwe.

Mvua kubwa ilikuja alfajiri moja, ikapiga mpaka karibu na adhuhuri. Nilisimama mlangoni na jembe. Ngolo za juu zilijaa, zikamwagia za chini yake, hizo nazo zikajaa. Safu ya mwisho, iliyo karibu na mlango, ilibaki na matope ya kufika kifundo. Kizingiti changu hakikulowa. Wageni watatu waliokuwa ndani walilalamika tu kwamba chai imechelewa.

Kwa Danieli maji yalipita sebuleni. Kwa mama mkwe ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ulilala chini. Yeye alikuwa jikoni nje, hakuumia. Tulikwenda wote kutoa vyombo vyake matopeni, na Danieli hakunitazama usoni hata mara moja.

Jioni, jua lingalipo, nilikuwa nafagia. Nikamwona mama mkwe anakuja na njia, amejitwika beseni, nyuma yake Danieli amebeba mkeka na anazungumza kwa haraka.

"Mama, haiwezekani. Mkwe. Watu watasema nini?"

Nikaanza kupisha, niingie majanini. Akasimama mlangoni, akalitua beseni. Lilikuwa limejaa usipa wakavu. Juu ya meza yangu palikuwa na daftari la wageni, lile ambalo sheria inataka: jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda. Akalielekea hilo.

"Wewe daftari," alisema. "Kwa mkwe silali. Sijalala, na sitalala. Lakini hapa nasikia ni gesti, na gesti analala yeyote anayelipa. Nimeleta malipo. Niandike."

Danieli akautua mkeka chini.

Nilikaa nikashika kalamu. Nikaandika jina lake. Kabila, Mnyasa. Kazi, nikasita.

"Mfumaji wa majamvi," aliliambia daftari. "Yasiyotandikwa."

Mmoja wa wageni alicheka. Nikaandika. Akapaka kidole wino, akakigandamiza. Kisha akatazama milango mitano ya ukumbini, akaonyesha ule wenye kufuli kubwa.

"Nataka hicho."

Kingine kimoja kilikuwa wazi, na nilitaka kusema hivyo. Nikachukua kile kipande cha mkaratusi, nikakiweka mezani, nikatoka nje.

Alikaa majuma matatu, mpaka ukuta wake uliposimama. Alikula chakula cha kwake, alipika jiko la kwake, na kila wiki liliingia beseni la usipa. Nilikuwa nikiona mchana vitenge vya Hildegarda kwenye kamba, kimoja kimoja, vimefuliwa vinapigwa na upepo. Niliona godoro limetolewa, na chini yake mchwa walikuwa wameshaanza kula chaga. Mimi, mwenye kujisifu kwa mashuka meupe, nilikuwa nimeacha chumba kioze kwa kukipenda. Chumba kisicholala mtu kinakufa, vijana. Hata kama una sababu.

Katika majuma hayo Danieli alikuja asubuhi moja na jembe begani. Hakukaa kwenye kigoda.

"Shemeji, hayo mashimo yako yanaanzia juu au chini?"

"Juu. Majani kwanza."

"Tuanze kwa Mama."

Tulichimba pamoja kwa mama yake, kisha kwake, kisha kwa majirani walioomba. Tukiwa kwake, alisimama kujifuta jasho, akaniambia kwamba amezungumza na wazee. "Nyumba ambayo Mama amelala na kulipia, siwezi kuiita kuta," alisema. "Tutakuandikia na mahali." Waliniandikia, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wa mipaka yote minne. Karatasi hiyo iko na binti yangu, na bado nyumba inalaza wageni. Upande wake wa ziwa pana majamvi sita sasa.

Siku mama mkwe anaondoka, nilikuwa nimeinama ukumbini natengeneza bawaba ya mlango, sikumsikia anafika. Nilipoona miguu yake nikataka kugeukia ukutani. Hakunisubiri nigeuke. Alikuwa amejitwika lile sanduku, vitenge vikiwa ndani vimekunjwa, na mkono mmoja ameshika ufunguo. Hapakuwa na kuku, na daftari nilikuwa nimelifunga.

"Mwanangu," alisema, "hivi nakwenda kuwagawia wadogo zake. Chumba kimekauka. Kipangishe."

Akauweka ule mti kiganjani mwangu, akaenda zake. Mchana ule ule mkunga wa zahanati alikuja na mizigo anatafuta mahali pa mwezi mmoja. Nikafungua daftari, nikamwandika chumba cha tano.